Deni la Kodi Lidaiwe Mahakamani, Lisidaiwe Langoni

Kuna barua ambayo mkulima huifungua saa ile ile anapoipata, nayo ni ile ya chama cha ushirika inayotaja bei mpya ya maziwa. Kuna barua nyingine ambayo huwekwa juu ya kabati mpaka ifunikwe na vumbi, nayo ni ile inayodai kodi. Mwezi huu twataka kusema juu ya barua hiyo ya pili, maana wasomaji wetu wa Dagoretti, Riruta, Waithaka, Mutuini, Uthiru na Kangemi wana jambo la kuogopa kuliko wakulima wa mbali. Wao wanalima ndani ya jiji, na ardhi yao ina thamani ya jiji.

Maoni yetu ni haya. Kodi isiyolipwa ni deni, na deni lina mahali pake pa kudaiwa. Mahali hapo ni mbele ya hakimu, kwa karatasi na kwa hesabu iliyo wazi, ambapo mdai na mdaiwa wote wawili wana haki ya kusema. Si langoni pa mtu, kwa kufuli, kwa kelele au kwa lori. Lakini mahakama haimsaidii mtu asiyefika. Mkulima akinyamaza, hukumu hutolewa hata hivyo, na mwisho wa hukumu ile huweza kuwa shamba lake.

KODI MBILI, WADAI WAWILI

Kwanza yafaa kuzitenga kodi mbili ambazo watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kodi ya ardhi ya Kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 209, inazipa kaunti ruhusa ya kutoza kodi juu ya ardhi na majengo. Mashamba mengi ya upande wa magharibi wa Nairobi yalipimwa na kuandikishwa katika miaka ya 1950, wakati vipande vya mashamba ya Wakikuyu vilipokusanywa pamoja na wenyewe wakapewa hati. Wakati ule Dagoretti haikuwa ndani ya Jiji. Mipaka ya Nairobi iliposukumwa nje mwaka 1963, watu walilala wakiwa wakulima wa wilaya ya Kiambu, wakaamka wakiwa wenyeji wa Jiji. Shamba lilikuwa lile lile na ng'ombe walikuwa wale wale, lakini mdai wa kodi alikuwa mwingine. Mdai huyo ni City Hall.

Ya pili ni kodi ya mapato, ambayo hudaiwa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA, kutoka Times Tower katika barabara ya Haile Selassie. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Husema, "Mimi ni mkulima tu, na maziwa na sukuma wiki havina kodi." Ni kweli kwamba mazao yasiyosindikwa hayatozwi kodi ya ongezeko la thamani. Lakini faida ya shamba ni mapato kama mapato mengine. Tena, ni wakulima wangapi wa Kangemi na Waithaka ambao siku hizi wanaishi kwa maziwa peke yake? Majani ya Napier yamekatwa, na mahali pake pamejengwa vyumba vya kupangisha. Kodi ya nyumba anayopokea mwenye vyumba ina ushuru wake, na ushuru huo ndio unaowaletea barua watu ambao hawakupata kamwe kujiita matajiri.

DENI LINAVYOKUA

Tuseme mzee mmoja ana robo eka huko Waithaka. Amebakiza ng'ombe wawili na kujenga vyumba kumi, kila kimoja Sh. 4,000 kwa mwezi. Anapokea Sh. 40,000 kila mwezi, yaani Sh. 480,000 kwa mwaka. Sheria inawahusu wenye kupokea kati ya Sh. 288,000 na Sh. 15,000,000 kwa mwaka, basi yeye yumo. Kwa kiwango kilichowekwa Januari 2024, yaani asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba anayopokea, anatakiwa kulipa Sh. 3,000 kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

Sh. 3,000 ni nyingi kwa mtu wa robo eka, hatusemi sivyo. Lakini tazama itakuwaje asipolipa miaka miwili. Deni lenyewe litakuwa Sh. 72,000. Riba ya asilimia moja kwa mwezi itaongeza karibu Sh. 9,000. Faini ya kuchelewa, asilimia 5, itaongeza Sh. 3,600. Jumla inakaribia Sh. 85,000, na bado hatujahesabu faini ya kutopeleka taarifa, wala gharama za kesi, wala nauli, wala siku za kazi zitakazopotea mjini. Mtu aliyeshindwa kutoa Sh. 3,000 kwa mwezi sasa anatakiwa kutoa bei ya ng'ombe wa maziwa kwa siku moja.

Sheria imeweka mpaka mmoja wenye huruma, kwamba riba ya KRA haiwezi kuzidi deni lenyewe. Lakini mkulima asingojee mpaka huo. Wazee walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa, nasi twaongeza kwamba dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ugonjwa ukiwa mchanga.

KODI ILIVYODAIWA ZAMANI

Watu wengine huiogopa mahakama kuliko wanavyowaogopa askari wa kodi. Yafaa wakumbuke jinsi mambo yalivyokuwa wakati mahakama haikuwa ya wote.

Kodi ya nyumba iliwekwa na Serikali ya Kiingereza mwaka 1901, rupia kwa kila nyumba, na baadaye ikaongezwa kodi ya kichwa. Mtu hakuulizwa kama anaweza kulipa. Aliyeshindwa alifanyishwa kazi, na sheria ya mwaka 1925 ilifanya makambi ya kufungia watu kama hao. Mwaka 1922 Harry Thuku, aliyekuwa karani wa Serikali Nairobi, aliwaongoza watu kulalamika juu ya kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa mwezi wa Machi, na tarehe 16 watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk, walipigwa risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, palepale ambapo leo magari hupita kila siku.

Hatuyasemi haya ili kuamsha uchungu wa zamani. Twayasema ili kuonyesha tofauti. Leo anayekudai kodi, awe City Hall au Times Tower, hana budi kuandika dai lake. Hana budi kukuonyesha hesabu. Ukikataa, mtu wa tatu asiye wa upande wake wala wa upande wako ndiye atakayeamua. Hiyo si taabu tuliyoongezewa. Ni haki ambayo babu zetu hawakuwa nayo.

KUFULI NA TAKATAKA

Kwa bahati mbaya hata wakubwa husahau njia hiyo. Tarehe 24 Februari 2025 malori ya Kaunti ya Nairobi yalimwaga takataka mlangoni pa Stima Plaza, makao ya shirika la umeme huko Parklands. Siku chache kabla ya hapo shirika lilikuwa limekata umeme wa City Hall kwa sababu ya bili. Kaunti nayo ilidai ada za njia ambazo nyaya na nguzo zinapita. Kila upande ulidai mabilioni ya shilingi. Huenda kila upande ulikuwa na haki yake, lakini takataka si ushahidi, na harufu haimwambii mtu ni nani anayedaiwa kiasi gani. Mwishowe wadaiwa na wadai ilibidi wakae mezani, jambo ambalo wangeweza kulifanya kwanza.

Wenye majengo ya mjini na ya Westlands wanajua pia habari za milango kutiwa kufuli na askari wa Kaunti kwa sababu ya deni la kodi ya ardhi. Wapangaji waliolipa kodi yao ya nyumba barabara hujikuta nje asubuhi, wakati mwenye jengo yuko mbali. Njia hiyo huleta fedha haraka, hatukatai. Lakini humwadhibu asiye na deni, tena hufungua mlango wa hongo, maana mwenye ufunguo wa kufuli ni askari, na askari hana kitabu cha hukumu.

Tena njia hiyo humpiga mdogo kuliko mkubwa. Shirika kubwa lina mawakili, na kesho yake asubuhi watakuwa Milimani wakiomba amri ya kuondoa kufuli. Mama wa Kawangware aliye na vyumba sita hana wakili. Kwa hiyo sisi tunaotetea njia ya mahakama hatuwatetei wakwepa kodi. Twamtetea yule ambaye hana ngao nyingine.

KARATASI IKIFIKA, FANYA HIVI

Haya basi, mkulima afanye nini karatasi inapofika? Twayataja mambo sita.

1. Isome siku ile ile. Kama husomi Kiingereza, mpe mwanao au mwalimu akusomee. Tazama ni nani anayedai, ni ya mwaka gani, ni ya kiwanja namba ngapi, na umepewa siku ngapi. Karatasi nyingi za KRA siku hizi haziji kwa posta, bali huletwa kwa barua pepe. Wazee wengi waliandikishiwa namba zao za kodi na vijana wa saiba, na kijana akaandika anwani yake mwenyewe. Dai likitoka, humfikia kijana ambaye amekwisha kuhama mtaa, na siku za kujibu hupita bila mzee kujua. Nenda ukaitazame anwani yako sasa, kabla ya dai lolote, uiweke yako au ya mwanao unayemwamini.

2. Linganisha dai na risiti zako. Huenda umelipa na malipo yakaandikwa kwenye kiwanja cha jirani. Huenda shamba liligawanywa kwa ndugu watatu, na dai la shamba zima likaja kwako peke yako. Mtu asiye na risiti hana mdomo mbele ya hakimu. Weka risiti zote katika bahasha moja, mahali pasipoingia maji wala panya.

3. Ukiona dai la KRA si sahihi, lipinge kwa maandishi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 tangu kupata hesabu hiyo. Eleza kosa liko wapi na uambatanishe vyeti vyako. Sehemu ile unayokubali kwamba ni deni, ilipe, au upatane nao namna ya kuilipa, kisha upinge iliyobaki. Kamishna naye ana siku 60 za kukujibu, na akizipitisha bila jibu, pingamizi lako huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Usiporidhika na jibu lake, una siku 30 nyingine za kukata rufani mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Hapo unaweza kusema mwenyewe au kwa mtu wako. Juu ya Baraza hilo iko Mahakama Kuu.

4. Ukikubali deni lakini huna fedha, omba kulipa kwa vipande, tena kwa maandishi. Ofisi nyingi hupenda kupokea Sh. 5,000 kila mwezi kuliko kumfukuza mtu kwa miaka mitatu. Tazama pia matangazo ya msamaha. KRA ilisamehe riba na faini za madeni ya zamani kwa waliolipa kodi yenyewe kati ya Septemba 2023 na Juni 2024, kisha ikafungua nafasi nyingine mpaka Juni 2025. Kaunti ya Nairobi nayo imepata kusamehe riba ya kodi ya ardhi mara kadhaa. Lakini usiufanye msamaha kuwa shamba lako la kutegemea. Anayengoja msamaha ambao haujatangazwa anapanda bila kuona wingu.

5. Kama karatasi ni hati ya kuitwa mahakamani, yaani samansi, ujue kwamba jambo limekwisha kuvuka mto. Ijibu mahakamani katika siku zilizoandikwa. Wengi hukosea hapa. Huchukua samansi, huenda ofisi ya mdai, hulipa sehemu dirishani, hurudi nyumbani wakidhani kesi imekufa. Kesi haifi kwa kulipa dirishani. Hufa mahakamani, kwa mapatano yaliyoandikwa na kuwekwa katika jalada. Usipojibu, mdai huomba hukumu ya upande mmoja, naye huipata.

6. Hukumu ikitolewa bila wewe kuwapo, usikate tamaa wala usikae. Waweza kuiomba mahakama iitengue ukieleza kwa nini hukufika na una jibu gani la maana. Waweza pia kuomba kulipa hukumu kwa vipande. Lakini fanya mara moja. Hakimu humwonea huruma aliyechelewa siku kumi kuliko aliyechelewa miaka miwili.

Tena mkulima ajue kwamba si kila njia ya kudai kodi hupita kwa hakimu. Sheria inamruhusu Kamishna kuiandikia benki yako, au hata wapangaji wako, awaamuru wampe yeye fedha walizokuwa wakupe wewe. Anaweza kuzuia ardhi yako isiuzwe, na kukamata mali inayohamishika. Lakini ile amri ya kwenda kwa benki au wapangaji haifai kutolewa wakati ambapo siku zako za kupinga au kukata rufani hazijaisha. Unaona sasa kwa nini siku 30 zile ni mali. Anayezitumia yuko chini ya kivuli cha sheria, na anayezipoteza amesimama juani.

MAREHEMU HAWEZI KUJIBU SAMANSI

Kuna jambo moja ambalo katika Dagoretti ni zito kuliko yote. Mashamba mengi bado yako katika jina la mtu aliyepewa hati wakati wa kukusanya mashamba, naye alikufa zamani. Watoto wamegawana kwa maneno, wajukuu wamejenga, lakini kitabuni ardhi ni ya babu. Dai la kodi huandikwa kwa jina la babu na kupelekwa kwenye sanduku la posta ambalo hakuna mwenye ufunguo wake. Kila mjukuu husema, "Si jina langu." Riba haijali ni jina la nani.

Chini ya Sheria ya Kodi za Ardhi, Sura ya 267, iliyotumika kwa miaka mingi, Jiji lilitakiwa kwanza kupeleka dai la maandishi. Siku 14 zikipita bila malipo liliweza kumshtaki mwenye ardhi mbele ya hakimu, na deni lenyewe liliweza kuwekwa juu ya ardhi. Mwaka 2024 ilitungwa sheria mpya ya taifa ya kodi za ardhi kuchukua nafasi ya ile ya zamani, lakini shabaha haikubadilika: deni hufuata kiwanja. Anayerithi kiwanja anarithi na deni. Tena hakuna uhamisho wa ardhi unaoandikishwa bila cheti cha kuonyesha kwamba kodi imelipwa. Kwa hiyo familia inayotaka kugawana kihalali hukuta mlango umefungwa na deni la miaka 20, hata kama hakuna aliyewashtaki.

Shauri letu ni hili. Jamaa wakutane, wachague mmoja au wawili wao, waende mahakamani waombe hati ya kusimamia mali ya marehemu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imeonyesha njia. Msimamizi akiisha kupata hati, ana haki ya kuuliza deni ni kiasi gani, kupinga lisilo sahihi, kuomba vipande, na kusimama mbele ya hakimu. Kila nyumba ichange kwa kadiri ya kipande chake. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo kuliko gharama ya ndugu kununuliwa na mtu wa nje, mmoja mmoja, mpaka babu asalie na kaburi peke yake.

SERIKALI NAYO INA WAJIBU

Tumesema na mkulima. Sasa twasema na wadai, maana gazeti linalomwambia mkulima tu limefanya nusu ya kazi.

Kwanza, Serikali ilipe deni lake yenyewe. Majengo na viwanja vya Serikali katikati ya jiji havitozwi kodi ya ardhi kama vya watu, bali Serikali hutakiwa kuchangia fedha badala ya kodi. Kwa miaka mingi Kaunti ya Nairobi imelalamika kwamba mabilioni ya mchango huo hayajalipwa. Mkulima wa Mutuini akiletewa samansi ya Sh. 30,000, ataitazamaje wizara iliyokaa juu ya kiwanja cha thamani kubwa bila kulipa? Mfano wa mkubwa hufundisha kuliko tangazo.

Pili, kesi zianze na wadaiwa wakubwa. Mama auzaye sukuma wiki katika soko la Kangemi hulipa ada ya soko asubuhi, kabla hajauza hata fungu moja. Yeye hawezi kuwa na deni la miaka mitano, maana hapewi hata nusu siku. Lakini mwenye kiwanja kikubwa cha Kilimani au Westlands anaweza kukaa miaka bila kulipa, akingoja msamaha wa riba. Hukumu kumi dhidi ya wadaiwa wakubwa, zikitekelezwa kweli, zitaleta fedha kuliko kuwafukuza wadogo elfu moja, tena zitawafanya hao wadogo waone kwamba sheria ni moja. Katiba, katika kifungu cha 201, inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki.

Tatu, vitabu visahihishwe. Kumdai marehemu, au kumdai ndugu mmoja deni la ndugu watatu, ni kupoteza karatasi na wakati wa mahakama. Makarani wapelekwe mitaani pamoja na machifu, majina yapatanishwe na hati, na madai yaandikwe kwa Kiswahili chepesi chenye tarehe ya mwisho mahali panapoonekana.

Nne, kila fedha ipate risiti inayoonekana katika kitabu siku ile ile. Mkulima aliyelipa mara mbili kwa deni moja hatalipa mara ya tatu kwa hiari.

JE, MAHAKAMA SI NDEFU MNO?

Watu wa ofisi za kodi watatujibu kwamba kesi huchukua miaka, na takataka za jiji hazingoji. Ni kweli kwamba kesi huchelewa. Lakini deni la kodi likiwa na hesabu safi na dai lililofikishwa barabara ni kesi fupi kuliko nyingi, maana hakuna cha kubishania. Zinazochukua miaka ni zile ambazo hesabu ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Mdai akitayarisha karatasi zake vizuri, mahakama itaonekana fupi.

Na watu wa upande wa pili watasema kwamba mahakama ni ya Serikali, hivyo mkulima hawezi kushinda. Hilo nalo si kweli. Wananchi walipoipinga Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, Mahakama ya Rufani ilisema tarehe 31 Julai 2024 kwamba sheria ile yote ni batili. Serikali haikutuma malori. Ilikata rufani, na tarehe 29 Oktoba mwaka ule ule Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile. Kila upande ulishinda mahali na kushindwa mahali, na kila upande ulitii. Mahakama zetu zimezoea pia kusema kwamba maneno ya sheria ya kodi yakiwa na utata, utata huo humfaa mlipaji.

Hata hivyo mahakama nayo ina mpaka wake. Mwaka 1990 Uingereza na Wales ziliwekewa kodi ya kichwa, mwaka mmoja baada ya Scotland, ambapo tajiri na maskini walitozwa karibu sawa. Mamilioni ya watu walikataa kulipa. Mahakama za mahakimu zilijaa wadaiwa mpaka makarani wakashindwa na kazi, na mwaka 1993 kodi ile ikaondolewa. Tunajifunza kwamba hakimu anaweza kukusanya deni la mtu mmoja mmoja, lakini hawezi kukusanya kodi ambayo watu wote wameiona kuwa si ya haki. Kodi ya haki hutengenezwa kwanza na wanaotunga sheria, na mahakama huja mwisho.

Basi, ndugu mkulima, mwezi huu fanya mambo mawili madogo. Nenda ukaulize deni la kiwanja chako City Hall, na uitazame namba yako ya kodi na anwani iliyoandikwa hapo. Ukikuta huna deni, utalala vizuri. Ukikuta deni, utakuwa umelikuta likiwa bado ni hesabu, kabla halijawa hukumu. Na siku ukiitwa Milimani, vaa koti lako, chukua bahasha yako ya risiti, panda gari mapema, uende. Hakimu hana namna ya kujua upande wako mpaka umfikishie mwenyewe.